Nusu Saa ya Maji kwa Kereng'ende

Baba mkwe wangu, Muhanna bin Shamis, aliyasimamia maji ya kijiji kizima kwa miaka arobaini na moja, na hakuwa na tone lake mwenyewe. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wa Hail Sidri, kijiji chetu cha Arabuni, hulisahau. Wanamkumbuka alivyokuwa akipita na jembe lake begani na miguu imelowa, wakadhani ni tajiri wa maji. Alikuwa bidari. Kazi ya bidari ni mitende na mfereji: kuichavusha mitende, kuangua tende, na kuielekeza falaji, huo mfereji wetu wa maji utokao mlimani, iingie shamba la fulani kwa muda wake, kisha kuifunga kwa jiwe na kitambaa na kumfungulia mwenzake.

Maji yetu yana wenyewe kwa dakika. Mtu hurithi nusu saa kutoka kwa babake, mwingine huozwa kwa robo saa, na wapo waliobaki na dakika tano na majivuno ya saa nzima. Kila baada ya siku nane zamu inazunguka na kuanza upya. Muhanna alikuwa anazijua zamu zote kichwani, hata za watoto wachanga. Zake mwenyewe hazikuwapo. Ndani ya nyumba yake mwenye maji alikuwa mkewe, mama mkwe wangu Zuwena bint Nasor, aliyerithi nusu saa na miti sita ya ndimu.

Miye nilifika pale bi harusi, kutoka Unguja, na masanduku mawili na mdomo usiojua kunyamaza. Wakaniita Zinjibari, na hadi leo wananiita hivyo, ingawa nimezaa wanne pale na mvi zimenitokea pale. Siku ya tatu mama mkwe akanishika mkono kunipeleka kwenye bafu la wanawake, pale falaji inapopita ndani ya kuta nne zisizo na paa. Kabla hatujaingia akanivuta pembeni, nje ya ukuta. Kulikuwa na ufa kwenye ubavu wa mfereji, urefu wa shubiri moja. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka hapo hadi kwenye kishimo cha mawe chenye kivuli, kimejaa mizizi na majani mabichi.

Juu ya kishimo walikuwa wanaruka kereng'ende. Si wale wakubwa wekundu wanaopiga doria juu ya birika kubwa la maji, chini ya kijiji; hawa walikuwa wembamba kama uzi wa kushonea, rangi ya buluu iliyopauka, utadhani wamepakwa poda. Wakitua hukunja mbawa zao juu ya mgongo na kutulia.

"Hawa ni wangu," mama mkwe akaniambia. "Na ufa ni wangu. Usimruhusu mtu auzibe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, na kisa chake kilikuwa kinajulikana kijiji kizima. Alipoolewa alikuwa na miaka kumi na sita, na wiki ya kwanza alikuwa anakwenda pale kila asubuhi kumlilia mamake, ingawa kwao kulikuwa mtaa wa pili tu, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Siku moja, yuko ndani ya bafu, akasikia mtu anakoroga saruji nje ya ukuta. Ni mumewe, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amemjibu zaidi ya ndiyo na hapana. Zuwena akapaza sauti: "Ukiziba hapo narudi kwetu!" Muhanna akabeba ndoo yake ya saruji akaondoka nayo, na hakuigusa tena sehemu ile.

Basi wanaume wakapata cha kusema. Kwenye sabla, pale wanapokusanyika kunywa kahawa, ilikuwa kila mwaka lazima mmoja aseme, "Muhanna anaziba ulimwengu mzima ila ufa wa mkewe." Naye anacheka, anasukuma kikombe kijazwe tena. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti ila kwa mbuzi. Alfajiri akirudi kutoka kwenye maji, Zuwena alikuwa anamwekea taulo lililopashwa moto juu ya birika la kahawa, anamtupia miguuni bila kumtazama, huku anamgombeza kwa tope. Nilikuwa naona wivu, nasema kweli. Mume wangu Hilali nampenda, lakini miguu yake alikuwa anajipangusia mwenyewe.

Ikaja miaka mitatu bila mvua ya maana. Bonde halikushuka maji hata mara moja. Falaji ikakonda ikawa inafika mashamba ya mwisho imechoka, na mitende ya huko ikaanza kukauka vichwa. Ilipokaribia wiki ya usafi, ambayo kila mwaka maji yanageuzwa njia na wanaume wanaingia mferejini kukwangua, wakili wa falaji akaitisha kikao. Huyu ni Hamdun, mshika kitabu cha zamu, mtu mkavu mwenye miwani na saa mbili mkononi, moja kwa ajili ya kuihakiki nyingine. Hilali alikuwapo kikaoni, akanisimulia yote.

"Bidari," Hamdun akasema, "unajua falaji inavuja wapi?"

"Najua."

"Wapi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Muulizeni Bi Zuwena!" na watu wakaangua kicheko.

"Tulikuwa tunacheka maji yalipokuwa mengi," Hamdun akawakata. "Leo ule ufa unakunywa haki ya watu. Muhanna, wewe mtu wa swala tano. Utasimama mbele ya Mola wako utetee nzi?"

"Si nzi," Muhanna akasema. "Kereng'ende."

"Haya, kereng'ende. Wana zamu? Wamo humu kitabuni?"

Hawakuwamo. Na Muhanna, ambaye kazi ya maisha yake yote ilikuwa kuhakikisha hakuna anayechukua hata dakika ya mwenzake, alilijua hilo kuliko wote. Siku ya tatu ya usafi akachukua udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende, saruji ya zamani, si hii ya mifuko, akauziba ufa kwa mikono yake. Na kwa kuwa ni Muhanna, aliuziba vizuri. Kosa lake si hilo, kwa maoni yangu. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mkewe. Wiki ya usafi hakuna maji bafuni na wanawake hawendi, basi akajiambia huenda hataona. Wanaume wana matumaini ya ajabu.

Maji yalipofunguliwa tukaenda, mimi na mama mkwe, tumebeba nguo za kufua. Akasimama mbele ya ufa. Kishimo kilikuwa bado na maji ya wiki iliyopita, yametulia, hayatikisiki. Akapitisha kidole juu ya saruji mbichi.

"Kalainisha kwa mkono," akasema. "Tazama, vidole vyake hivi."

Tukafua, tukarudi. Mama mkwe wangu aliyekuwa anamgombeza mumewe kwa kila tone la tope aliacha kumgombeza. Aliacha pia kumwita Ba Hilali; akawa anamwita "wewe". Taulo alikuwa anaweka, lakini baridi. Nyumba ikawa na adabu mno, kila mtu anasema tafadhali, na mimi nilikuwa tayari kulipia niwasikie wanagombana.

Wiki tano hivi baadaye akaja Daktari Ghaliya. Alikuwa ameshakuja zamani, majira ya kuchavusha mitende, miaka mitatu kabla. Binti wa Maskati, anafundisha chuo kikuu, ana viatu vya mlimani na wavu wa kitambaa kwenye fimbo. Wanaume waliokaa kivulini hawakumwacha apite bure.

"Daktari wa wadudu! Mbuzi wangu anakohoa, unamtibu?"

"Ana miguu mingapi?" Ghaliya akauliza.

"Minne."

"Akiota miwili zaidi, mlete."

Wakamwacha apite. Akatukuta bafuni, akatusalimu kwa kutukumbuka majina, kisha akatoka kwenda kwenye ufa. Tukasikia hatua zake zimesimama. Tulipotoka tulimkuta amepiga magoti kwenye kishimo. Maji yalikuwa yamekwisha. Palikuwa na tope tu, nalo limeanza kupasuka pembeni, na majani yamelala.

Akatoa kijiko mfukoni akaanza kuchimba taratibu chini ya mizizi, mahali penye unyevu, anaweka tope kwenye besini jeupe na kulimwagia maji ya chupa yake. Tukainama kuangalia. Tope likatulia, na ndani yake kitu kikajinyonganyonga. Kidudu cha rangi ya udongo, kama punje ya mchele, kina vijimkia vitatu kama manyoya. Akapata wa pili. Kufika adhuhuri alikuwa na saba.

"Hawa ndio watoto wao," akasema. "Hukaa majini miezi na miezi, ndipo watoke, waote mbawa. Mama Zuwena, aina hii iko kwenye milima ya huku Arabuni tu. Hakuna kwingine duniani. Nimelitembea bonde hili wiki mbili. Kule juu walikokuwa, watu wametia mabomba. Birika la chini lina samaki, hawaachi kitu. Hapa ndipo nilipopategemea." Akainua uso. "Nani kaziba?"

Mimi nikafungua mdomo. Mama mkwe akanikanyaga mguu.

"Falaji imefanyiwa usafi," akasema. "Husafishwa kila mwaka."

Wiki tano hajamwita mumewe kwa jina, na hapo akamkinga mbele ya mgeni. Nilimpenda mama mkwe wangu saa ile kuliko siku zote nilizomjua.

Kwenye njia ya chini, nyuma ya migomba, mtu akakohoa. Wanaume wetu hukohoa wakipita karibu na bafu, ili wanawake wajue. Tukamjua kwa kikohozi. Alikuwa amesimama na mundu wake, kapata kusikia yote.

"Ni mimi," Muhanna akasema kutoka huko huko, hakusogea. "Mimi ndiye niliyeziba."

Ghaliya hakumlaumu. Alieleza tu kwamba hao saba hawawezi kutiwa mferejini, samaki watawamaliza siku hiyo hiyo. Ndani ya besini, wakiwekwa kivulini, wakibadilishwa maji na kulishwa, watafika siku kumi, labda zaidi kidogo. Yeye alikuwa na bonde jingine la kwenda kutazama, halafu atarudi.

"Wanakula nini?" mama mkwe akauliza.

"Viluwiluwi vya mbu."

"Hivyo ninavyo," akasema mama mkwe, naye akalibeba besini kichwani mpaka nyumbani, hatua moja moja, kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Akaliweka kwenye baraza ya jikoni, chini ya kawa la makuti. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kwenye chombo cha maji ya mbuzi na chujio la chai, anavua viluwiluwi, anawahesabia. Muhanna naye kila akipita alikuwa ana kitu amekisahau pale barazani. Kofia. Bakora. Kofia tena, nayo iko kichwani. Anainama juu ya besini, anatazama, anaondoka. Siku ya pili akafa mmoja. Siku ya nne wakafa wawili. Mama mkwe akawatoa kwa kijiko akawafukia kwenye chungu cha rihani.

Nikashindwa kuvumilia. "Baba," nikamwambia, "si ukabomoe tu? Dakika kumi kazi yenyewe!"

"Maji yana wenyewe, mwanangu."

"Miaka arobaini yalikuwa hayana wenyewe?"

"Miaka arobaini nilikuwa nasema ufa ulikuwapo kabla yangu. Sasa nimeuziba kwa haki. Nikiufungua nitakuwa nimewaibia kwa mkono huu." Akauangalia mkono wenyewe. "Hata Hamdun nikimwomba, atanipa maji ya nani?"

Nilikasirika nikaenda kupiga nguo za watu kwenye jiwe. Mzee na haki yake! Lakini usiku na mchana nilikuwa nawaza, na sikupata jibu lililo bora kuliko lake.

Siku ya saba ilikuwa zamu ya mama mkwe. Muhanna akamfungulia maji kama kawaida, nusu saa yake, yakaingia kwenye shamba dogo la ndimu sita. Sisi wawili tulikuwa chini ya miti tunaokota ndimu zilizoanguka za kwenda kukaushwa. Ndimu zake zilikuwa na sifa. Hata watu wa mji wa Nizwa walikuwa wanaagiza kwa jina. Muhanna alisimama mlangoni mwa mfereji, ameegemea jembe.

"Bint Nasor."

"Naam."

"Nina ombi. Na sina haki ya kuliomba."

"Basi usiliombe." Akaokota ndimu tatu, nne, akazitia kapuni. "Haya, liombe."

"Ni hii nusu saa yako."

Mama mkwe akanyooka kiuno. Hakuuliza ya nini. Wiki nzima na yeye alikuwa anawaza lile lile, nami sikuwa nimejua.

"Ndimu zangu zitakufa," akasema.

"Zitakufa."

"Kazipanda baba yangu."

"Najua. Mashimo niliyachimba mimi. Nilikuwa kijana, nilikuwa nakuangalia dirishani badala ya kuangalia jembe. Lile la mwisho limekwenda upande."

Maji yalikuwa yanazunguka miguu ya miti. Mimi nikajifanya kiziwi, jambo nisilolijua vizuri.

"Siku ile," mama mkwe akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Yangu au ya Hamdun?"

"Yako. Hamdun namwogopa kidogo tu."

Akacheka. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya mtandio lakini kicheko kikamshinda, akakaa chini pale pale kwenye majani, kapu mapajani. Kisha akasema, "Besini lina wanne. Kesho sijui watakuwa wangapi. Funga maji, Ba Hilali, twende."

Tukaenda watatu kwa wakili. Hamdun akatupokea kwenye baraza yake, akaagiza kahawa na tende, kwa sababu hata akiwa mkavu ni mtu wa adabu. Zuwena hakungoja kikombe cha pili.

"Nataka kuiweka nusu saa yangu wakfu."

"Mungu akukubalie. Kwa msikiti?"

"Kwa kereng'ende."

Hamdun akamtazama Muhanna. Muhanna akatazama tende. "Bi Zuwena," wakili akaanza kwa upole, "wakfu ni kwa msikiti, kwa futari ya Ramadhani, kwa wapita njia, kwa kusomesha yatima..."

"Fungua kitabu. Bibi yangu, mama yake baba yangu, aliweka dakika kumi."

Akafungua. Akapekua kurasa za nyuma zenye karatasi ya manjano, akasoma kwa kidole, na kidole kikasimama. "Birika la ndege," akasema, si kwa furaha. "Kweli. Lakini ndege ni ndege, bibi. Hawa ni wadudu."

"Wana mbawa," mama mkwe akasema.

"Nne," nikadakia. "Ndege ana mbili tu."

"Zinjibari, hukuulizwa."

"Samahani, ami."

Akavua miwani, akaivaa. "Sawa. Na mashamba ya mwisho? Nusu saa najua ni maji kiasi gani. Ufa unakunywa kiasi gani? Nani anajua?"

"Mimi," Muhanna akasema. "Kopo la lita moja hujaa kwa kuhesabu ishirini. Nimelipima kila mwaka. Kwa siku nane haifiki nusu saa kamili, na kidogo kinachosalia kinabaki kwa watu."

Kwa hiyo ikawa wazi hata kwangu mimi nisiyejua hesabu. Zamu ya Zuwena itarudi kwa wenye mashamba wote, na ufa utakunywa kiasi hicho hicho, tone kwa tone, siku zote nane. Hakuna atakayepunjwa ila mwenye ndimu. Hamdun akapiga hesabu yake mara mbili kwenye kipande cha karatasi, akakuta bidari kasema kweli. Akachukua kalamu.

Akaandika jina la Zuwena, la babake na la babu. Akaandika mahali. Msimamizi wa wakfu? "Huyu," Zuwena akasema, bila kugeuka. Ujira wa msimamizi? "Kahawa yangu." Hamdun akaandika. Kisha akasita.

"Kuna jambo lazima niliandike, usinikasirikie. Wakfu hauna mwisho. Aliyewekewa akifa, lazima tujue maji yanakwenda kwa nani. Hawa wamebaki wanne, nasikia, ndani ya besini. Wakiisha wote, je? Niandike yarudi kwa msikiti?"

Nilimwona mama mkwe anaikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake. Nilijua anawaona wale watatu aliowafukia kwenye chungu cha rihani.

"Andika," akasema. "Wakiisha, maji yaendelee kudondoka pale pale. Huenda wakarudi."

Hamdun, yule wa saa mbili, aliiweka kalamu chini. Akaitazama karatasi muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayejua kusoma. Halafu akaandika maneno yale vilevile alivyoyasema, hakupunguza wala hakupamba, akampa Muhanna ashuhudie.

Kazi ya kubomoa haikuwa ya dakika kumi. Alianza baada ya swala ya adhuhuri, na alasiri ilimkuta bado anagonga. Vijana walitaka kumsaidia akawafukuza. Patasi moja ikavunjika. "Nimeitengeneza vizuri mno," akanung'unika, na jasho linamtoka puani. Mwisho kipande kikaachia, maji yakatoka, kwanza machafu, kisha yakatakata. Tukangoja siku mbili kishimo kijae na tope litulie. Ghaliya aliporudi akamwachia mama mkwe besini lake, na mama mkwe akaliinamisha mwenyewe kwenye kivuli cha mizizi. Wanne wakaenda. Hatukuwaona tena hata nusu dakika.

Majira ya kuchavusha yakaja, hakuna kitu. Kiangazi kikaja, hakuna kitu. Wale wekundu wakubwa walikuja kunywa, nyigu wakaja, ndege wakaja. Wa buluu hawakuja. Ndimu zilianza kupukutisha majani, mti wa kusini kwanza, na kufika mwaka mpya zilikuwa kuni zilizosimama. Muhanna alizikata yeye mwenyewe na kuzipanga nyuma ya jiko, na mama mkwe alipikia kuni zile majira yote ya baridi. Sikumsikia akilalamika, ila mara moja aliuvuta moshi wake puani akasema, "Bado zina harufu."

Wanawake wa kijijini walikuwa na lao. "Bi Zuwena, wageni wako wamepotea njia?"

"Maji yapo," alikuwa anajibu. "Wakija watayakuta."

Na kila Ijumaa Muhanna alikwenda na uti wa kuti kuusafisha ufa usizibwe na mchanga. Mgongo umeshapinda, kazi ya ubidari ameshamwachia mwingine, lakini hii aliifanya, kwa sababu ndiyo aliyoandikiwa. Mtu aliyetumia maisha yake kuzuia maji yasivuje, sasa anakwenda kuhakikisha yanavuja. Watu walikuwa wanamtania hapo pia, naye alikuwa anacheka. Lakini akirudi nyumbani alikuwa hamtazami mkewe usoni, na mkewe alikuwa hamuulizi.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya Aprili, nilikuwa nachambua mchele uani nikamsikia mtu anakimbia kichochoroni. Nilidhani ni mwizi au moto. Alikuwa ni baba mkwe wangu, hana kofia, kiatu kimoja.

"Bint Nasor! Bint Nasor! Njoo!"

"Umeanguka?"

"Njoo, mwanamke, njoo!"

Akamshika mkono, mbele ya watu, akawa anamvuta kijiji kizima. Mimi nyuma na ungo wangu. Tulipofika akatunyamazisha kwa kidole, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anahema kuliko sote.

Walikuwa wawili, kwenye uzi wa mzizi ulioning'inia majini. Dume la buluu amesimama wima, ameshika shingo ya jike kwa ncha ya mkia wake, hamwachii. Jike, mwenye rangi ya mchanga, ameukunja mkia anauchoma kwenye mzizi uliolowa, anasogea kidogo, anauchoma tena. Alikuwa anataga mayai.

Mama mkwe aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Ona," akasema kwa sauti ya chini, "mke anafanya kazi, mume kashika shingo tu."

Nikageuka kumwangalia Muhanna, nikidhani atacheka. Alikuwa analia. Hakujificha, hakugeuza uso. Machozi yalikuwa yanamiminika kwenye ndevu zake nyeupe na mabega yanatikisika, mzee wa miaka sabini na mbili. Nami nililia, sina haya kusema. Wanawake wawili walikuwa wametoka bafuni na ndoo zao, wamesimama wanatukodolea macho. Mama mkwe hakuwajali. Alishika ncha ya mtandio wake akampangusa mumewe uso, jicho moja, kisha la pili, polepole, na mkono mwingine akauweka mgongoni mwake.

"Nyamaza, Ba Hilali," akamwambia. "Utawashtua. Hawajamaliza."